Magoti yaliyosagikia jeshini Marekani: jinsi ya kufungua madai ya fidia ukiwa huku Moshi au Arusha

Kilichotuponza sisi mara ya kwanza ni salamu. Baba watoto aliingia kwenye chumba cha dokta wa kumpima kwa ajili ya madai kule Dar, dokta akamuuliza unaendeleaje, yeye akajibu niko poa kabisa, kama tunavyojibu wote huku hata mtu akiwa kalazwa. Lile jibu ndo likawa la kwanza kuandikwa kwenye ripoti. Halafu akaambiwa kunja goti, akakunja mpaka mwisho, meno ameyauma, jasho linamtoka, hajasema chochote, manake kwao Kibosho mwanaume hapigi kelele kwa ajili ya goti. Miezi michache baadae barua ikaja: goti la kulia limekubaliwa lakini kwa asilimia 0 ya ulemavu, yaani bila malipo, la kushoto limekataliwa. Ilituchukua zaidi ya mwaka kulirekebisha hilo na makaratasi yote niliyashika mimi, kwa hiyo nayaandika hapa yote jinsi tulivyofanya ili mwenzangu usianze kama tulivyoanza sisi.

Naandika kwa ajili ya wale waliotumikia jeshi la Marekani wakarudi nyumbani, na familia zao. Mko wengi kuliko mnavyojuana. Kuna walioenda kwa grini kadi ya bahati nasibu wakaingia jeshini, na kuna kipindi, kuanzia 2009 hadi 2016, jeshi lilikuwa linapokea hata wasio na grini kadi kwa sababu ya lugha wanazojua, na Kiswahili kilikuwemo. Wengi wamerudi Arusha na Moshi, wana hoteli, wana magari ya utalii, wana mashamba, na magoti yamekwisha wakiwa na miaka 38, na wanaamini kwamba ukishaondoka Marekani basi haki imebaki kule. Sio kweli. Fidia ya ulemavu inayotolewa na VA, yaani idara ya wanajeshi wastaafu ya Marekani, inakufuata popote unapoishi. Wanachoangalia ni uliachaje jeshi, kama hukufukuzwa kwa aibu, na je maumivu yako yanatokana na utumishi wako. Na hela yenyewe haikatwi kodi ya mapato ya Marekani.

Kabla hujafanya kitu kingine chochote, funga tarehe. Hili nalirudia kwa kila mtu anayenipigia. Kuna fomu inaitwa 21-0966, ni ya kuwaambia tu kwamba nina nia ya kudai, haihitaji ushahidi wowote. Ukishaituma una mwaka mzima wa kukusanya karatasi zako, na siku ukikubaliwa wanahesabu malipo kuanzia ile tarehe ya nia, sio tarehe uliyomaliza kukusanya. Ukianzisha madai kwenye tovuti ya VA wewe mwenyewe, hiyo tarehe inajifunga yenyewe hata kama hujamaliza kujaza. Kuingia unatumia akaunti ya Login.gov au ID.me. Sisi tulifunga Machi 2021, tukatuma madai kamili Agosti, na malipo yalipokuja mwishoni yalihesabiwa kuanzia Aprili 2021. Miezi yote ile ya kuhangaika na hospitali na posta haikupotea.

Madai yenyewe yanajazwa kwenye fomu 21-526EZ. Ukiwa na intaneti nzuri jaza onlaini, ukishindwa unatuma kwa posta Janesville, Wisconsin, ndo karatasi zote zinapopokelewa, ila kwa wanaoishi nje ya nchi kama huku kwetu faili linashughulikiwa na ofisi ya Pittsburgh. Weka anwani yako ya sanduku la posta vizuri, na namba ya simu ianze na +255, na hakikisha ni laini ambayo haizimwi. Nitaeleza kwa nini huko mbele.

Sasa kiini cha madai. Wanataka vitu vitatu, na kimoja kikikosekana wanakataa: uwe na ugonjwa sasa hivi uliopimwa, kuwe na kitu kilichotokea jeshini, na kuwe na kamba inayofunga hivyo viwili. Watu wengi wana cha kwanza na cha pili, kamba ndo hawana.

Tuanze na ugonjwa. Ukisema tu magoti yananiuma haitoshi. Kwa athraitisi ile ya kusagika, sheria yao inataka ionekane kwenye eksirei. Sisi tulipiga KCMC, Arusha kuna Mount Meru na ALMC, na hospitali nyingine nyingi tu zina mashine. Omba upigwe ukiwa umesimama, umeukanyagia mguu uzito wako, kwa sababu goti lililolazwa kitandani linaweza kuonekana lina nafasi nzuri katikati ya mifupa wakati ukisimama nafasi hiyo imekwisha. Piga magoti yote mawili hata kama moja ndo linalia zaidi. Halafu usiondoke na picha tu, omba ripoti iliyoandikwa na kusainiwa na mtaalamu, na picha zenyewe kwenye CD au flashi. Ripoti zetu bahati nzuri zinaandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo hakuna shida ya tafsiri.

Kilichotokea jeshini. Unahitaji DD-214, ile karatasi ya kuachia jeshi, na faili la matibabu la jeshini. VA wanalitafuta wenyewe lakini na wewe omba nakala yako kwa fomu SF-180, uisome kwa jicho lako. Baba watoto aliruka kutoka nyuma ya lori la jeshi mwaka 2011 akiwa na mzigo mgongoni, goti la kulia likajizungusha. Alikwenda kwa dokta mara moja tu, akapewa dawa za maumivu na karatasi ya kumpumzisha kukimbia siku 14, wenyewe wanaiita profaili, na baada ya hapo hakurudi tena kwa miaka mitano iliyobaki. Ile karatasi moja, mistari minne ya mwandiko mbaya, ndo iliyotuokoa. Kama huna hata hiyo usikate tamaa, sheria hairuhusu wakukatae kwa sababu tu hakuna karatasi ya hospitali ya wakati ule, maelezo yako na ya waliokuona yanahesabika. Mtafute mliyekuwa naye kikosi kimoja. Sisi tulimpata mmoja kupitia WhatsApp, yuko Ohio, akajaza fomu 21-10210, akaeleza alikuwa amesimama upande gani wa lori, aliona nini, na jinsi mwenzake alivyochechemea wiki nzima. Hakuweka chumvi yoyote, ameandika alichokiona tu, na uamuzi wa pili ulimtaja.

Hapa niseme na vijana ambao bado wako jeshini kule, wadogo zetu: nenda kwa dokta. Kila goti likivimba nenda, acha iandikwe. Najua mnaogopa kuonekana wavivu mbele ya sajenti, lakini huyo sajenti hatakuwepo ukiwa na miaka 45 unashuka Marangu na fimbo. Na unapokaribia kutoka unaruhusiwa kufungua madai kabla, kati ya siku 180 na 90 kabla ya tarehe yako ya kuachia. Ukishatoka, piga eksirei ndani ya miezi 12 ya mwanzo. Athraitisi iko kwenye orodha yao ya magonjwa sugu, ikijitokeza ndani ya mwaka mmoja kwa kiwango cha kufikia asilimia 10, na ulitumikia angalau siku 90, wanachukulia kwamba imetoka jeshini, hudaiwi kamba.

Ambaye mwaka umeshampita ndo anahitaji kamba, na kamba ni barua ya dokta. Dokta asome faili la jeshini, aangalie eksirei, akupime, halafu aandike kwamba uwezekano wa ugonjwa huu kutokana na kile kilichotokea jeshini ni angalau nusu kwa nusu, na aeleze KWA NINI. Hiyo nusu kwa nusu ni muhimu sana manake VA hawahitaji uhakika, ushahidi ukilingana pande mbili wanatakiwa wakupe wewe. Dokta wetu mara ya kwanza aliandika inawezekana imetokana na jeshi, na neno inawezekana kwao ni kama hajasema kitu. Tukamrudia kwa heshima, nikampelekea zile kurasa za faili nimezipigia mstari, akaandika upya ukurasa mmoja na nusu: goti lililojizungusha 2011, kano zikalegea, uzito ukawa unakaa vibaya miaka kumi, gegedu ikasagika upande wa ndani, na mgonjwa ana miaka 38 kwa hiyo uzee peke yake hauelezi picha hii. Akaweka namba yake ya usajili wa udaktari na saini. Vilevile kuna fomu za VA za kila kiungo ambazo dokta wako wa huku anaruhusiwa kujaza, ya goti ina sehemu za kupima pembe, mpelekee imeshachapishwa kabisa usimwachie kazi ya kuitafuta.

Goti la kushoto sasa. Hilo halikuumia jeshini, na ndo maana walilikataa. Lakini mtu mwenye goti bovu la kulia hua anauegemea mguu wa kushoto, na miaka ikipita wa kushoto nao unaisha, au nyonga, au pingili za mgongo. Hayo ni madai ya pili yanayozaliwa na ya kwanza na yanalipwa sawasawa. Ni lazima uyaandike wazi kwenye fomu kwamba la kushoto limesababishwa na la kulia, na dokta aseme hivyo hivyo kwenye barua. Sisi hatukuandika, tulijaza tu magoti mawili tukadhani wataelewa.

Na wewe mke, au mama, au kaka unayeishi naye, andika. Nilipoandika mimi mara ya kwanza niliweka maneno makubwa tu kwamba anateseka sana, maisha yamekuwa magumu. Mara ya pili nilikaa na kaunta buku nikawa naandika kila siku kwa miezi miwili ninachokiona, halafu nikachota humo. Nilichotuma kilikuwa hivi, nimekifupisha: "Naishi naye tangu 2013. Asubuhi anakaa ukingoni mwa kitanda kama dakika kumi anayasugua magoti kabla hajakanyaga. Ngazi za nje, ziko saba, anashuka kinyumenyume ameshika ukuta. Kwa mama yake Kibosho choo ni cha kuchuchumaa, hakiwezi, tumempelekea kiti kilichotobolewa katikati. Kanisani wenzake wakipiga magoti yeye anabaki ameketi. Mwezi wa sita na wa saba kukiwa na baridi, siku tatu au nne kwa wiki goti la kulia linavimba hawezi kuvaa suruali ya jinzi, siku hizo haendi kazini. Mara mbili mwaka huu goti limemwachia akaanguka, moja ilikuwa stendi akishuka kwenye Hiace." Hakuna dokta anayeweza kuyaona hayo kwa dakika ishirini, ni wewe tu. Na kila tukio lina idadi, lina muda, lina mahali. Andika Kiingereza cha kawaida ulichonacho, wanasoma.

Kipimo chenyewe. Baada ya kufungua madai VA watakupangia kupimwa na dokta wao wa mkataba, na ukiwa Tanzania inaweza kuchukua muda, sisi mara zote mbili tulipangiwa Dar. Wanapiga simu kwa namba za ajabu za nje, saa za Marekani, kule mchana huku usiku, na ukikosa kupokea wakaandika hukupatikana, au ukakosa kutokea siku yenyewe, madai yanaweza kukataliwa hapo hapo. Ndo maana nilisema ile laini isizimwe. Ukiwa huwezi siku hiyo waambie mapema wabadilishe.

Siku ya kupimwa sasa ndo mambo yote yanaamuliwa. Goti zima linakunjika mpaka nyuzi 140. Kwa jedwali lao, ukiishia 45 ni asilimia 10, ukiishia 30 ni 20, ukiishia 15 ni 30. Sasa watu wengi wenye magoti yaliyosagika bado wanakunja mpaka 100 au zaidi, ukiangalia jedwali peke yake wanapata sifuri. Lakini kuna kanuni nyingine kwamba kiungo chenye maumivu kikitembezwa kinastahili angalau kiwango cha chini kinacholipwa, yaani asilimia 10. Hapo ndo baba watoto alipopoteza: alikunja mpaka 115 kimya, ikaandikwa hana maumivu. Mara ya pili tulifanya mazoezi nyumbani, jamani sio mazoezi ya kuigiza, ni mazoezi ya KUSEMA. Unakunja taratibu, maumivu yanapoanza tu unasema yameanza hapa, unaendelea kama unaweza, unasema hapa siwezi tena. Alisema yalianza kama 80. Dokta anatakiwa apime kwa kile kirula cha pembe, sio kwa macho, arudie kukunja mara tatu aone kama inazidi, apime ukiwa umebeba uzito na usipobeba, na akuulize kuhusu siku zile mbaya, linapovimba inakuwaje, mara ngapi, siku ngapi. Hata usipomkuta siku mbaya anatakiwa akadirie kutokana na maelezo yako. Asipouliza sema mwenyewe. Yule wa kwanza hakutoa kirula kabisa, na tulipotoka tu niliandika kwenye kaunta buku saa tuliyoingia, saa tuliyotoka na nini hakikupimwa, ikatusaidia kwenye rufaa.

Na ukisalimiwa unaendeleaje, jibu ukweli. Leo magoti yananiuma, la kulia zaidi. Basi. Usidanganye kwa upande mwingine pia, usichukue fimbo ambayo hujawahi kuitumia, wanakuona kuanzia unaposhuka kwenye gari, na kudanganya VA ni kosa la jinai. Sisi tulikuwa tumetoka Moshi kwa basi, magoti yamekunjwa saa zaidi ya tisa, akaingia anachechemea kweli, na nikamwambia usijikaze leo, ingia kama ulivyo.

Goti likiwa linaachia, yaani halina nguvu ya kusimama imara, hilo linaweza kupewa asilimia yake tofauti na ya kukunja, kwa hiyo usilisahau. Na ukishafanyiwa la bandia, hiyo ina kanuni yake, unapewa 100 kwa miezi minne halafu hushuki chini ya 30.

Hesabu yao ya kujumlisha inachanganya. 10 na 10 kwao ni 19, kwa sababu ya pili inakatwa kwenye 90 iliyobaki. Ila kwa kuwa ni miguu yote miwili wanaongeza sehemu ya kumi ya hiyo 19, inakuwa 20.9, wanaiita 21, na mwisho wanaishusha kwenye 20. Kwa viwango vya 2025, asilimia 10 ilikuwa dola 175.51 kwa mwezi, 20 ilikuwa dola 346.95, na 30 kwa asiye na mtegemezi ilikuwa 537.42. Kuanzia 30 ndo wanakuongezea kwa mke na watoto, chini ya hapo hapana. Hiyo 20 yetu kwa hela ya huku ilikuwa zaidi ya laki nane kila mwezi. Akaunti yako ya benki ya Marekani usiifunge, ndo njia nyepesi ya kupokelea.

Wakikukataa au wakikupa kidogo, usianze madai mapya kabisa. Tangu Februari 2019 kuna njia tatu: kupeleka ushahidi mpya kwa fomu 20-0995, kuomba ofisa wa juu aangalie upya faili lilelile kwa 20-0996, au kwenda kwenye bodi ya rufaa kwa fomu 10182. Ukifanya mojawapo ndani ya mwaka mmoja tangu tarehe ya barua, ile tarehe yako ya kwanza inabaki. Kama kosa ni lao na ushahidi wote upo, 20-0996. Sisi tulikuwa na vitu vipya, barua ya dokta, eksirei ya kusimama, maelezo yangu, kwa hiyo tulienda na 20-0995, na 2023 wakampa 10 kila goti.

Msaada upo wa bure. DAV, VFW na American Legion, ambavyo ni vyama vya wanajeshi wastaafu kule Marekani, wana wawakilishi waliosajiliwa na VA, unawasainia fomu 21-22 wanakusimamia hata ukiwa huku, mnaongea kwa simu na imeili. Mtu akikwambia nipe hela nikufungulie madai ya kwanza, au nitachukua asilimia fulani ya malipo, mkimbie, kwa madai ya kwanza hakuna anayeruhusiwa kukutoza.

Mwisho kuna kitu ambacho hata wenye asilimia 0 wanakiacha mezani. Ugonjwa ukishakubaliwa kwamba umetoka jeshini, hata kwa sifuri, kuna mpango wa matibabu ya nje ya Marekani, unajisajili kwa fomu 10-7959f-1 na unadai marejesho kwa 10-7959f-2. Dokta, eksirei, dawa, fiziotherapi ya goti hilo, wanarudisha. Unatakiwa uwe na bili iliyochanganuliwa, kila huduma na bei yake, ugonjwa umetajwa, na risiti ya kulipa, na utume ndani ya miaka 2. Hospitali zetu hua zinatoa risiti moja ya jumla, kwa hiyo pale pale dirishani omba wakuandikie mchanganuo na wagonge muhuri. Zile risiti za karatasi laini za mashine zinafutika, baada ya miezi mitatu hubaki na kitu, zipige picha siku hiyo hiyo kabla hujapanda daladala.